Grupu letu lote kimya, kajibu Mayu Kabula

Jamani, leo nimeumbuka.

Kazi yangu halmashauri ni kuangalia kama mifumo ya serikali ya kwenye simu inawafaa wananchi. Kila wilaya tuko mmoja mmoja, ndiyo maana nilianzisha grupu letu la WhatsApp.

Asubuhi nikaandika: "Wenzangu, fomu ya pamba imewashinda wakulima wote kijijini Kasoli. Bosi anataka kesho niseme inafaa. Nifanyeje?"

Wote wamesoma. Kimya.

Saa kumi jioni kajibu Mayu Kabula, yule mama mkulima niliyemhoji. Kumbe nilimwingiza grupu kwa makosa, mzee mzima mimi!

"Baba, si ilinishinda huku unaona? Sema hivyo. Kwani wenzako wamekufa?"

Nyie wa Maswa, Meatu na Busega, hodari wa kutuma "Ijumaa njema", andikeni basi hata "nipo".

Kesho naingia kwa bosi na Mayu Kabula tu.