Mabomba Manne ya Landrova ya Mjomba Maduhu

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, enzi za ujana wangu, yaani mwaka juzi, nilipokuwa kidato cha kwanza kama wewe na nikijua kila kitu kama wewe. Usicheke. Mimi sasa niko kidato cha tatu, nimekutangulia kula maharage ya bweni kwa miaka miwili, na mtu aliyeyamaliza maharage yale miaka miwili ana haki ya kuitwa mzee. Nimesikia unamshawishi mwalimu wa ufundi aing'oe manifodi ya gari la shule, afunge mabomba manne ya kuchomelea, ati gari lipumue. Weka jembe chini kidogo. Huko unakokwenda ndiko ninakotoka, na nimerudi na kovu kiganjani.

Manifodi, kama ulisinzia darasani, ni kile chuma kizito ubavuni mwa injini kinachopokea moshi wa silinda zote nne na kuupeleka kwenye bomba moja. Mjomba wangu Maduhu alikuwa na Landrova kuukuu iliyonizidi umri na kunizidi ukaidi. Ndiyo iliyobeba pamba ya kijiji chetu kwenda Bariadi, na ndiyo iliyobeba kundi letu la ngoma baada ya mavuno. Basi manifodi yake ikapasuka. Ikawa inatema moshi pembeni, tu, tu, tu, kama mzee anayetema ugoro.

Ilipasuka siku nne kabla ya ngoma ya Mwamapalala.

Wewe ni mtoto wa mjini, ngoja nikueleze. Kwetu makundi mawili hukutana uwanja mmoja, kila moja upande wake, yakacheza kwa wakati mmoja. Hakuna mwamuzi wa filimbi. Watazamaji wenyewe ndio alama: wakikuchoka wanahamia kwa wale, na jua likizama aliyezungukwa na watu wengi ndiye mshindi. Kiongozi wa nyimbo zetu alikuwa babu yangu mzaa mama, Guku Limbu. Guku ndiyo babu kwetu. Misimu miwili mfululizo watu walikuwa wamemkimbia, na alikuwa ametamka mbele ya kundi zima kwamba wakimkimbia na safari hii, usinga wake wa kuongozea nyimbo atamkabidhi mwingine, aende akachunge ndama. Hakuwa anatania. Alishaanza kumfundisha mrithi wake namna ya kuushika.

Mjomba alitaka tupande baiskeli hadi Sapiwi, kwa mzee mmoja mwenye Landrova mfu ambayo manifodi yake bado nzima. Mimi nilikuwa nimeona picha ya gari la mashindano kwenye gazeti lililofungia vitumbua, na kitumbua kilipokwisha ushauri ukabaki.

"Mjomba, kila silinda ikipata bomba lake, moshi haugombanii mlango. Injini inapata nguvu."

"Nguvu ya kwenda wapi?"

"Na sauti, Mjomba. Hii gari ikiingia Mwamapalala inanguruma, nani atabaki kwa wale?"

Hapo akaacha kufuta mikono. "Mabomba tutayatoa wapi?"

"Kitanda cha wageni."

"Na mgeni akija?"

"Akiisikia hii gari hatakuja."

Mjomba akacheka mpaka akakaa chini, na kicheko, mwanangu, ndicho kilichosaini mkataba. Mtu wa kwetu ukimwambia kitu kitamletea watu kwenye ngoma, atakata kitanda chake mwenyewe kwa msumeno. Tulikikata. Tukayapinda mabomba kwa mchanga na moto, rafiki yake wa karakana akayachomelea, na Ijumaa jioni Landrova ikawashwa. Mbwa walihama. Jirani mmoja alitoka nje na mkuki.

Asubuhi ya Jumamosi Guku akaja amevaa manyoya yake na njuga mkononi.

"Mwangaluka, guku," nikamsalimu.

"Mwangaluka. Inaumwa nini hiyo?"

"Haiumwi, guku. Inaimba."

"Nani kaitungia?"

"Mimi, kwa mabomba ya kitanda cha wageni."

Akapanda mbele, wachezaji wakajaa nyuma, tukaondoka.

Sasa sikia jambo ambalo gazeti la vitumbua halikuandika. Manifodi ya zamani ni chuma kinene, joto lake inalimeza taratibu. Mabomba yetu membamba yalilitupa joto lote chini ya boneti, na kwenye injini ile kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, imekaa palepale juu yake. Petroli ikawa inachemka kabla haijafika kazini. Gari likazimika mlima wa kwanza. Likazimika wa pili. Wa tatu haukuwa hata mlima, ulikuwa tuta la mhogo. Tukavika kabureta khanga mbichi kama mgonjwa wa homa, nami kwa kimbelembele nikashika bomba kuona kama limepoa. Halikuwa limepoa.

Wachezaji wakashuka kusukuma, manyoya na shanga na kila kitu. Kulwa, mpiga ngoma wetu, akanisogelea jasho likimchuruzika.

"Mdogo wangu, ulisema ina nguvu."

"Inazo, kaka."

"Mbona naona ni zangu?"

Tulifika Mwamapalala wenzetu wameshaanza. Lakini, na hapa sitakudanganya, tulipoingia tukinguruma uwanja mzima uligeuka. Watu waliwaacha wale wanatikisa mabega peke yao, wakaja mbio upande wetu, watoto, akina mama, hata mzee mmoja aliyekuwa anaamua kesi ya mbuzi. Nikasimama juu ya bampa. Nilijiona nimezaliwa kwa kazi maalumu.

Guku akatembea hadi katikati, akainua usinga, akaanza kuimba. Mjomba akazima injini ili asikike. Watu walipoona gari limenyamaza wakaanza kurudi kwa wale. Nikamwambia Mjomba awashe. Akawasha, wakarudi, lakini sasa Guku alikuwa anafungua mdomo tu, kama samaki. Mishipa ya shingo imemsimama na neno halitoki. Wahenga waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakuwahi kuliona debe langu, lakini walilijua.

Guku akashusha usinga. Akanijia, akaniuliza taratibu sikioni, "Mjukuu wangu, hawa watu wamekuja kuona nini?"

"Gari, guku."

"Basi licheze."

Akaenda kukaa kwenye kigoda chake. Mwanangu, nimechapwa mara nyingi na kwa sababu nzuri, lakini fimbo ile haijapata mwenzake. Nikaona msimu wake wa mwisho unaishia mikononi mwangu, kwa mabomba ya kitanda.

Ndipo kiungo kimoja cha mabomba kilipoachia. Mlio kama wa gobole, wingu jeusi, na Landrova ikakata roho yenyewe. Uwanja ukawa kimya. Mjomba alitokea kwenye moshi uso mweusi, macho mawili tu. Na katika kimya kile nikasikia sauti ya Guku, bado amekaa, anatunga palepale kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Maduhu kafufua kitanda,
kinakoroma mchana kweupe.
Mjukuu kaniletea mshindani,
hana meno, ana moshi.

Kulwa akaidaka kwa ngoma. Kundi likaitikia, "Lala, kitanda, lala." Mama mmoja akacheka mpaka akamshikilia mwenzake. Guku akasimama. Ubeti wa pili ulinihusu mimi na elimu yangu na sitautafsiri. Kufikia wa nne watu wote wanaimba, waliokuwa upande wa pili wanamiminika kuuliza kitanda ni cha nani, na mpiga ngoma wao akaja na ngoma yake begani ili asipitwe. Jua lilizama tumezungukwa mpaka wenye gari hatukuliona gari.

Usinga ulibaki kwa Guku, na bado anao. Usiku ule hakunigombeza. Alisema tu, "Watu niliwataka, ukaniletea. Ila uliniletea na kizibo cha mdomo," kisha akaniongezea nyama.

Wiki iliyofuata tulikwenda Sapiwi kwa baiskeli, tukarudi na manifodi ya yule mzee, nikaibeba mimi. Tangu hapo Landrova inawaka hata asubuhi ya baridi, maana chuma kile huipasha petroli joto la kiasi, haitoi moshi ubavuni, na inapanda milima na pamba bila kusukumwa.

Basi nasaha yangu ni hii. Mabomba manne si uongo, yanafaa injini inayokimbizwa kwenye barabara nzuri, yakiwa yametengenezwa kwa kipimo. Gari la kubeba watu na mzigo kwenye makorongo yetu liachie manifodi yake, na ikipasuka litafutie nyingine ya aina yake. Kabla hujabadili chombo uliza kazi yake, wala usiulize picha. Na ukitaka kumsaidia mtu, hakikisha hukumfunika. Kizuri chajiuza, ukiona unakipigia kelele sana, kichunguze.

Nenda, mwanangu. Mungu akuhifadhie viganja vyako, akupe wakubwa wanaokukosoa kwa wimbo kuliko kwa fimbo, na kila safari utakayoianza ikufikishe ukiwa umekaa, husukumi.