Manyoya ya Luzira, Shanga za Mbuya

Nilikaribia kufukuzwa maabara hapa Kampala kwa sababu ya vitu viwili vinavyoota kwenye mawe.

Naitwa Siraje. Nasomea shahada ya pili, na utafiti wangu ni mwani mwekundu wa maji baridi. Jina lisikudanganye. Mwingi ni wa kijani, na mwingine una rangi ya chai.

Nilikuwa nao wa aina mbili. Ule wa chemchemi ya Mbuya ulikuwa nyuzi zenye shanga, unateleza kama kamasi. Ule wa kijito cha Luzira ulikuwa manyoya mafupi tu, yameng'ang'ania jiwe.

Nikajua nimepata spishi mpya mbili. Shahada niliiona iko mfukoni.

Majibu ya DNA yakaja. Yanafanana herufi kwa herufi!

Dokta Lailah, msimamizi wangu, alinitazama kama polisi.

"Siraje, Luzira ulienda kweli? Ama ulichukua ya Mbuya ukajaza vichupa viwili?"

"Wallahi nilienda, Dokta."

"Basi leta ile ya Luzira tupime tena. Ikikosekana, utafiti wako umekwisha."

Nikakimbilia friji. Jiwe la Luzira lipo, lakini limekwanguliwa jeupe.

Damu ikanichemka. Ufunguo wa friji ile tulikuwa nao wawili tu, mimi na Obita, mwenzangu wa masomo. Na Obita siku hizo alikuwa haeleweki. Anawahi kufika kuliko wote, anajipinda pale dirishani, ukiingia tu anashusha pazia.

Nikalivuta pazia lake. Sahani ya kioo, na ndani yake manyoya yangu.

"Banange! Obita, wewe unaua shahada yangu?"

"Pole pole, ssebo. Mimi hapana ua. Kwa friji ndiyo ilikuwa inakufa. Mimi nabadilisha maji tu, nione itakuwa nini."

"Na kuficha je?"

"Dokta hataki kitu hai humu. Wewe najua."

Sikutaka kusikia. Nikaibeba sahani hadi kwa Dokta, Obita nyuma ananisihi.

"Mwizi ni huyu," nikasema.

Dokta akaipokea sahani. Akaiweka chini ya hadubini, akachungulia.

"Njoo uone."

Nikachungulia. Katikati ya manyoya ya Luzira ulikuwa umechipuka uzi. Uzi wenye shanga, zilezile za Mbuya!

Kumbe ni mwani mmoja. Unaanza maisha kama manyoya, kisha manyoya yanatoa shanga. DNA ilisema kweli, na mimi pia.

Spishi zangu mbili zikawa moja, ila hiyo moja haikufanana na yoyote inayojulikana. Shahada ikapona, na aliyeiponya ni yule niliyetaka afukuzwe. Niliona aibu sana.

Dokta akauliza tuupe jina gani. Nilikuwa nimemwahidi mama yangu, Kaltumi, kwamba ugunduzi wangu utabeba jina lake. Nikaandika jina la Obita.

Alipolisoma hakucheka. Alinitazama juu mpaka chini.

"Sasa wewe natafuta nini kwangu?"

Jamani, ukishamwita mtu mwizi, hata zawadi yako ataikagua.