Posa Kutoka Nchi Isiyo na Majirani

Kwetu mtu akiposa haulizwi yeye. Huulizwa majirani zake, mwenye duka lake, watu anaosali nao. Tulifanya hivyo Unguja na tukaendelea nayo London, simu juu ya simu, mpaka tabia ya kijana ijulikane. Basi ilipokuja nyumbani kwetu Kingsbury posa ya kijana wa Kipemba, dereva wa malori kaskazini kabisa ya Kanada, nilichukua kalamu nikamwuliza shangazi yake aliyeileta: "Majirani zake nani?"

"Hana, dada. Huko hakuna watu."

Nikashuku pale pale. Mtu hukaaje pasipo na watu kama hajakimbia kitu? Kesho yake nilikwenda maktaba nikafungua atlasi. Nchi yenyewe ilienea kurasa mbili, maziwa hayahesabiki, miji ni nukta tu, na baina ya nukta na nukta kiganja changu kilienea chote. Barabara ilipanda kutoka kusini, ikafika kwenye ziwa, ikakoma. Machimbo ya madini aliyodai kupelekea mafuta yalikuwa ng'ambo ya ziwa.

Nikampigia simu mwenyewe. "Barabara inaishia ziwani. Wewe unavukaje?"

"Napita juu ya ziwa, mama. Na lori langu."

Bila ya haya! Nikakata simu, na posa nikairudisha siku ile ile. Binti yangu, nesi, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, alisimama jikoni akilia, akaniambia ni kweli, maji ya kule yanaganda mpaka yanabeba lori. Nikamwuliza nani kashuhudia. Nami nikajiona nimeshinda.

Baada ya miaka mitatu nilikuwa nangoja zamu yangu kwa daktari wa meno, televisheni ikaonyesha malori yakipita juu ya ziwa, moja nyuma ya jingine, pembeni hakuna hata kibanda. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Jino sikuling'oa. Nikarudi nyumbani kumpigia yule shangazi, akanambia kijana keshaoa.

Binti yangu alikuwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Nikamwambia nilikosea, kijana alisema kweli.

"Najua," alisema, hakuinua macho. "Ulimwuliza kila mtu, mama. Mimi hukuniuliza kama namtaka."