Kibeba Tairi cha Fundi Mathieu Kimevunjika Tena

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kasenga, Uvira. Fundi Mathieu amelala chali chini ya Landrova ya Sévère. Kinachoonekana ni miguu yake tu, na maneno yanayotoka huko chini hayafai kuchapwa gazetini. Anajivuta taratibu hadi nje, nyusi zimejaa vumbi, mkononi ameshika kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kiganja.

"Angalieni!" anawaambia wapita njia ambao hawakumuuliza kitu. "Mara ya tatu! Na pale pale! Hii gari iko inatafuta kuniua."

Kipande hicho ni mguu wa kibeba tairi, kazi aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ni nguzo fupi iliyofungwa kwenye chesisi, nyuma upande wa kushoto, na kutoka kwenye nguzo hiyo mkono wa chuma unapita nyuma ya mlango ukiwa umebeba tairi la akiba. Mtu akitaka kufungua mlango, analegeza bulo moja, yaani bolti ya kukazia, upande wa kulia, anausukuma mkono pembeni pamoja na tairi lake, kisha anaufungua mlango. Akimaliza anaurudisha na kulikaza bulo. Si jambo la kusomea.

Zamani tairi hilo lilikuwa limelala ndani ya gari, likila nafasi ya abiria wawili. Sévère hubeba watu na mizigo kati ya Uvira, Runingu na njia ya Lemera, na abiria wawili kila safari si jambo la kuchezea. Alitaka tairi lipachikwe kwenye mlango wa nyuma, basi. Mathieu alikataa katakata.

"Mulango ni bati tu," anaeleza, akiupiga ngumi ulie. "Ukipachika pine ya sekuru pale, kesho gari iko Runingu, mulango ungali Uvira."

Kwa hiyo akajenga nguzo. Bawaba aliichonga kutoka ekseli ya lori lililokufa, bamba la kushikia tairi akalitoboa matundu matatu, akalehemu kila kiungo kwa gesi itokanayo na mawe ya kabidi. Kilipokamilika kilipendeza hata jirani zake walikuja kukishika. Baada ya wiki tatu kikavunjika mguuni. Akakilehemu upya, akaongeza kipande cha chuma cha kukitegemeza. Kikavunjika tena. Sasa hii ni mara ya tatu, na mwanamume huyu wa miaka arobaini na miwili anatamani kulia.

Sévère amesimama kando, mikono kiunoni. Si mtu mbaya, ila subira imemwishia.

"Papa Mathieu, minye nimechoka," anasema. "Nakupa mara moja tu. Ikivunjika tena, nitavukisha gari Bujumbura. Kule kuko bafundi benye kujua."

Neno hilo linamchoma Mathieu kuliko cheche yoyote. Alijifunza kazi miaka kumi na minne katika gereji ya Mzungu mmoja karibu na bandari, akishika taa, kisha spana, kisha bomba la gesi. Mwaka wa uhuru, tajiri wake alipakia familia kwenye gari akaondoka. Alimwachia jiliwa, tupa mbili na mtungi wa gesi.

"Alisema, Mathieu, nitarudi kisha myezi tatu," anakumbuka. "Huu ni mwaka wa ine. Ningali namungoja."

Tangu hapo anafanya kazi peke yake, chini ya paa la mabati mbele ya nyumba. Wiki nzuri humwingizia faranga mia nane. Wiki ya kulehemu upya kitu kilichovunjika haimwingizii hata senti, maana neno lake ni kwamba kazi yake ikivunjika anairudia bure. Kabidi nayo, iliyokuwa ikija kila Jumatatu, siku hizi mkebe mmoja humlazimu kuusubiri mwezi mzima.

Lakini linalomnyima raha hasa ni jambo jingine. Ofisi moja ya wanunuzi wa pamba ya bondeni ina Landrova nne, zote zinahitaji kibeba tairi. Karani wao amekwisha kuja Kasenga mara mbili. Amesema wazi: wanaangalia cha Sévère. Kikimaliza safari ya Lemera, kwenda na kurudi, bila ufa, kazi ni ya Mathieu. Kikivunjika, magari yote manne yatafuata la Sévère ng'ambo ya mpaka.

"Na Kasenga yote itajua," anaongeza mkewe, Apolline, bila kuulizwa.

Mathieu hana shaka na chanzo cha balaa hili. Ni abiria. Wamelifanya tairi lake kigingi cha kufungia mbuzi, wamelifanya kichanja cha mikungu ya ndizi, na baya kuliko yote, wamelifanya kiti. Baada ya kuvunjika mara ya pili alichukua rangi nyeupe akaandika juu ya bamba, kwa herufi za kuonekana hata na mwenye mtoto wa jicho: MARUFUKU KUKAA.

Anakaa nani? Hapo jina linamtoka kwa kusaga meno: Mama Nyirabahizi. Ni mama mtu mzima wa milima ya juu, mfugaji, ambaye hushuka kwa miguu na bido lake, kopo kubwa la maziwa ya mgando, hadi kwenye barabara ya Lemera, kisha hupanda Landrova kuja kuuza Uvira. Siku mbili baadaye hurudi. Na kwenda na kurudi, husafiri akiwa amekaa juu ya tairi la akiba.

"Nimemuambia. Shofa amemuambia. Nimeandika!" anasema Mathieu. "Nifanye nini tena, nipake pine mavi?"

Kwa kuwa hamwamini mtu yeyote tena, anaamua kupanda mwenyewe. Analehemu mguu kwa mara ya tatu, analikaza bulo kwa mkono wake, na siku inayofuata, asubuhi, anakuja kituoni amevaa koti kama anayekwenda mahakamani. Anataka kushuhudia kwa macho yake jinsi chuma chake kinavyouawa.

Mama Nyirabahizi alikuwa amekwisha kukaa. Miguu kwenye bampa, mgongo kwenye turubai, bido mapajani, limejaa chumvi ya kupeleka nyumbani. Ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuku. Ikambidi Mathieu asimame kwenye bampa hilo hilo, upande wa pili, ameshikilia upinde wa turubai, uso kwa uso na adui yake.

"Mama, hujui kusoma?" alimuuliza, kabla hata ya salamu.

"Ninajua. Biblia ninaimaliza kila mwaka," alijibu mama yule kwa utulivu. "Njo weye uliandika? Herufi zako ni nzuri, mwana wangu."

"Sasa kwa nini unaikala?"

"Mule ndani natapika. Benzini, mbuzi, tumbako. Hapa kuko upepo."

Mtu anaweza kugombana na mkaidi, lakini utagombana vipi na mtu anayekusifia mwandiko?

Hadi kizuizi cha kwanza, kibeba tairi kilitulia kabisa. Tangu habari za uasi zianze kuvuma bondeni, vizuizi kati ya Uvira na Runingu vimefika vitatu, na katika kila kimoja askari wanataka kuona ndani ya gari hadi chini ya viti. Abiria wote wakashuka. Shofa, kijana mwembamba aitwaye Damien, akakimbilia nyuma kulegeza bulo. Ni bulo refu, Mathieu alilichagua kwa sababu ya nguvu zake. Linahitaji mizunguko ishirini na miwili ya mkono.

Ukaguzi ulipokwisha, askari akapiga bodi kofi na kufoka waondoke. Damien akaurudisha mkono wa chuma, akazungusha bulo mara nne, akarukia usukani.

"Damien! Bulo hukukaza!" alipiga kelele Mathieu.

"Papa Mathieu, unaona ile bunduki? Kuja ukaze weye!"

Gari likaondoka. Barabara ya bondeni imekunjamana kama ubao wa kufulia, na haikupita dakika Mathieu akaisikia sauti. Kii, kii, kii. Ilitoka mguuni, pale pale pa siku zote.

"Sikia!" alisema kwa ushindi. "Unaona? Iko inalia ju unaikalia!"

"Iko inalia, ndiyo. Kila siku inalia kutoka hapa. Nilimuambia Damien mara tatu," alijibu mama. "Lakini weye bado kusikia vizuri. Ngoja."

Akashikilia upinde wa turubai, akajiinua kutoka kwenye tairi. Papo hapo mkono mzima wa chuma ukaanza kurukaruka, tairi likapiga chini na juu, na ile kii ikageuka kuwa kelele ya kutoboa masikio. Akakaa tena taratibu. Kelele ikashuka ikawa ule mlio mdogo wa mwanzo.

"Nikaikala, inapoa," alisema. "Minye ndiye niko naikamata."

Mathieu akautazama ule mguu wa chuma. Kwa miezi mitatu alikuwa amemlaani mwanamke huyu mbele ya Kasenga nzima, na kumbe katika gari lile lote ni yeye peke yake aliyekuwa akikilinda chuma chake kisivunjike. Aliona haya hadi masikio yakamwaka.

Kwenye kizuizi cha pili mambo yakawa yale yale, ila safari hii askari alitaka kuona pia ndani ya bido. Mama Nyirabahizi akaliinua. Ni bido la chuma la wafugaji wa Kizungu waliokwisha kuondoka, lenye mfuniko unaobanwa na mshikio wa waya mnene, na chini ya mfuniko pete ya mpira. Akasukuma mshikio kwa kidole gumba. Tak. Askari akachungulia chumvi, akatikisa kichwa. Mama akausukuma mshikio upande wa pili. Tak. Likafungika. Nyuma yake, Damien alikuwa bado anahangaika na bulo, jasho linamtoka, mizunguko mitatu, minne, basi, mbio kwenye usukani.

Mathieu akatazama bulo. Akatazama bido.

"Mama, hiyo inamwagaka?"

"Kutoka kwetu juu mupaka Uvira, hata tone."

"Fungua tena nione."

"Askari hatoshi?" alicheka mama, lakini akalifungua.

Gari likaendelea hadi Lemera. Mathieu alishuka Runingu, akarudi Uvira kwa miguu na kwa baiskeli ya kukodi, akisema peke yake njiani. Si mama aliyekivunja kile chuma. Si mbuzi, si ndizi. Ni bulo zuri, lenye nguvu, la mtu aliyesahau kwamba nchi ina vizuizi na kwamba hakuna shofa atakayehesabu hadi ishirini na mbili akielekezewa bunduki. Hasira yote aliyokuwa amewawekea watu wengine ikawa haina pa kwenda isipokuwa kwake.

"Minye ndiye mujinga," anasema leo, bila kuzungusha maneno. "Andika hivyo hivyo."

Siku tatu zilizofuata, bila kungoja kivunjike tena, alizitumia mbele ya jiliwa. Alikunja chuma mara tano kabla ya kupata mshikio wa kuchukua nafasi ya bulo, unaobana kwa mkupuo mmoja kama ule wa bido, ila wa ukubwa wa mkono wa mtu. Alikata pete nene kutoka tairi lililochakaa, akaiweka pale mkono wa chuma unapogusa chesisi. Mara mbili mshikio ulimfyatukia, na kucha moja sasa ni nyeusi. Apolline alipomletea ugali na ndagala alimkuta akifungua na kufunga, akifungua na kufunga, tak, tak, akauliza kama ameanza kuuza maziwa.

Jumamosi asubuhi gari likatoka na kibeba tairi cha nne. Sévère alitazama bamba na kuuliza maandishi yamekwenda wapi. Mathieu alikuwa ameyakwangua.

"Atakaa," alijibu. "Aikale."

Jumapili, saa tisa mchana. Landrova inaingia Kasenga, imepita vizuizi vitatu kwenda na vitatu kurudi. Karani wa pamba amekuja, amevaa suruali ya kanisani, anakwenda moja kwa moja nyuma ya gari, anainama kutafuta ufa. Sévère anainama naye. Damien anawaonyesha jinsi anavyofunga kwa mkono mmoja, huku anakimbia, na anarudia bila kuombwa.

Mathieu hainami. Anasimama mbele ya Mama Nyirabahizi, ambaye anashuka kutoka juu ya tairi bila haraka, anatua bido la maziwa, anarekebisha kitambaa kichwani.

"Mama?"

Kwanza mama anabonyeza mfuniko wa bido kuhakikisha umefungika.

"Ilinyamaza," anasema. "Kwenda na kurudi. Nilijiinua mara ine niijaribu. Hata kii."

Mathieu anakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Karani anainuka, anajipangusa mikono, anasema gari la kwanza litaletwa kesho asubuhi na matatu yatafuata. Sévère anaangalia pembeni. Habari za Bujumbura hazitaji tena.

Mpango wa Mathieu ni kuyamaliza yote manne kabla ya mvua kuharibu barabara, kabidi ikipatikana. Kisha anataka kununua mtungi wa pili wa gesi. Na hakuna gari litakalotoka kwake, anaapa, kabla mama huyu hajalikalia hadi Runingu na kurudi na jibu.

"Utanikubalia, Mama?"

Mama Nyirabahizi analitazama tairi, kisha bido lake, kisha tairi tena.

"Nitakubali. Lakini bido nimeishika mapajani miaka yote. Mbona hukuweka mahali pake?"

"Mama! Hii ni ya kubeba pine!" Mathieu anaruka juu, mikono kichwani. "Pine! Si soko! Leo bido, kesho utaniomba kitanda!"

Anaendelea kufoka hadi anaingia chini ya paa lake la mabati, na anaendelea kufoka akitoka. Mkononi ana kipande cha kamba. Anapiga magoti kando ya bido na kuanza kupima upana wake.