Shangazi Yangu Ndani ya Gemu

Nilikwenda Dubai kwa sababu kampuni moja ya kutengeneza gemu iliniandikia kwamba inathamini sana maoni yangu huru, na kwamba ingependa kunilipia ndege na hoteli ili niyatoe. Naandika uhakiki wa gemu kwa Kiswahili, Dar es Salaam, kwenye ukurasa unaosomwa na wenye mabanda ya gemu, wateja wao, na mama yangu, ambaye husoma kichwa cha habari tu kisha ananiuliza kama nimekula. Hakuna kampuni iliyowahi kuniandikia kabla ya hapo. Nilijibu ndiyo kabla sijamaliza kusoma.

Gemu lenyewe lilitangazwa kuwa safari ya mfanyabiashara kijana katika pwani ya Afrika Mashariki, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili. Nilipompigia shangazi yangu Zuwena kumwambia nakuja, alicheka hadi akakohoa.

"We Rahma, hilo gemu mimi nimo!" alisema. "Mimi ndiye bibi yake yule kijana. Wamenirekodi sauti."

Shangazi ni Mzanzibari aliyehamia Dubai kabla sijazaliwa. Kazi yake ni kusimamia watoto ndani ya basi la shule, na akisema "Kaa chini!" hata dereva hujiangalia kama ameketi. Baba wa mtoto mmoja anafanya kazi kwenye kampuni hiyo. Alimsikia asubuhi moja basi lilipokuwa likipakia, akaona sauti ile isipotee bure. Walimwita studio, wakampa chai na karatasi ya maneno machache: karibu mwanangu, pita huku, jihadhari, Mungu akulinde. Akasaini, akarudi nyumbani, na tangu hapo hakuna jirani aliyekuwa hajaambiwa.

Ndani ya ndege nilisoma ujumbe wa maelekezo tuliotumiwa wahakiki. Tuliombwa tuwe huru kabisa. Kisha tukaombwa tusitumie neno "halijakamilika". Badala yake tuseme gemu "linaendelea kukua". Tusiseme "kuuza", tuseme "kumpa mchezaji fursa". Na alama zetu zisitoke hadi siku ya uzinduzi ipite, isipokuwa kama ni alama za juu, hizo zingeweza kutoka wakati wowote.

Uwanja wa ndege wa Dubai nilipokewa na Dennis, kijana wa Nairobi anayeshughulikia wageni na waandishi wa kampuni. Alikuwa na tabasamu la kazini na viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na tope.

"Karibu sana, dadangu! Uko poa? Hapa usijali kitu. Hoteli iko sawa, breakfast iko sawa, kila kitu kiko sawa."

Nikamwambia nitalala kwa shangazi yangu, Al Nahda, maana nikilala hotelini wakati yeye yupo, ukoo mzima utajua.

"Zuwena ndiye shangazi yako?" Dennis aliacha kutabasamu kidogo. "Ni sawa. Ni mama mzuri sana." Akachukua begi langu, akatangulia kwenda kwenye gari.

Al Nahda, shangazi anaishi ghorofa ya juu katika jengo ambalo lifti yake hunukia viungo vya nchi tano. Alinipokea kwa udi, pilau na maswali. Alikuwa ameshashona buibui jipya la uzinduzi, lenye nakshi za fedha mikononi.

"Watu wataniona?" aliuliza.

"Wataisikia sauti tu, shangazi."

"Basi wataisikia vizuri," alisema, akaniongezea nyama.

Asubuhi iliyofuata tulipelekwa Dubai Silicon Oasis, mahali palipojaa ofisi za kompyuta, kuonyeshwa gemu lilivyotengenezwa. Tulikuwa kundi la wahakiki kutoka nchi mbalimbali. Mmoja, mwenye wafuasi wengi, alikuwa amekwishachapisha uhakiki wake alfajiri, akiwa bado hajaligusa gemu. Nilimuuliza imekuwaje. Alinijibu kwa upole kwamba akisubiri kucheza, wenzake watamtangulia.

Mkurugenzi, ambaye wote pale walimwita sir, alituwashia kioo kikubwa. Ulikuwa mji wa pwani mzuri kweli, mwanga wa asubuhi ukiteleza juu ya kuta za mawe. Nyuma ya mji kulikuwa na mlima wenye theluji. Kwenye soko la samaki alikuwa anatembea simba, na wauza samaki hawakushtuka.

"Simba anafanya nini sokoni?" niliuliza.

"Wachezaji wanamtarajia," alijibu sir.

Mwanamke mmoja akapita amejifunga kanga. Niliinama kusoma jina la kanga, maana kanga bila jina ni shuka. Iliandikwa: MLANGO WA DHARURA.

Nikamwonyesha Dennis. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wabunifu walitafuta maandishi ya Kiswahili yenye herufi nzuri, wakapata picha ya kibao cha uwanja wa ndege. "Watu wengi hawatasoma, dada," aliongeza.

Niliuliza mwisho wa hadithi ukoje. Sir alieleza kwamba mwisho bado, utaletwa baadaye kama sasisho, baada ya watu kununua mwanzo. Siku hizi, alisema, kumaliza gemu kabla ya kuliuza ni kumnyima mchezaji nafasi ya kusubiri. Wahakiki wenzangu walitikisa vichwa kukubali, kwa heshima. Mmoja alipiga makofi.

Tulipotoka kwenda kula, nilimuuliza Dennis kwa nini hatujamsikia bibi hata mara moja.

"Sehemu yake ni kesho," alisema. "Dada, naomba tu, kesho usikasirike haraka. Hata mimi nimo humo. Majambazi wote ni mimi."

"Wote?"

"Walinirekodi mchana mmoja. Nilisema 'toa mali' na 'usisonge'. Mashine ikatengeneza mengine yote. Sasa kuna jambazi anaimba." Alicheka, lakini si sana. "Sisi wengine tumezoea."

Nilirudi Al Nahda nikiwa na jambo la kumwambia shangazi, nikashindwa. Alikuwa anapiga pasi buibui. Nilijisemea pengine mashine imemwongezea salamu mbili tatu tu.

Uzinduzi ulifanyika kesho yake alasiri, Al Jaddaf, kwenye ukumbi wa jengo jipya linalotazama Khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Mlinzi wa mlangoni, Mganda mrefu, alimuuliza shangazi kitambulisho chake cha mwaliko. Hakuwa nacho, hakuna aliyekumbuka kumwalika. "Humo ndimo nilimo," shangazi alimwambia akielekeza kidole kwenye bango la gemu. Mlinzi alitazama bango, akatazama buibui, akasema, "Ingia, maama, na ukae mbele."

Tukakaa mbele.

Sir alihutubia kuhusu utamaduni, mizizi na mafungu ya fursa. Kisha akaomba mhakiki mmoja apande jukwaani acheze mbele ya watu, na Dennis akanipa mimi padi, ile ya kushika kwa mikono miwili, labda kwa sababu nilikuwa mzungumzaji pekee wa Kiswahili miongoni mwa wahakiki. Nilianza. Kijana wangu alitoka nyumbani, na sauti ya shangazi ikajaza ukumbi: "Karibu mwanangu. Pita huku. Jihadhari."

Alikuwa yeye hasa, na ule mvuto wake kwenye "mwanangu". Nilimwona pale chini amefunika mdomo kwa mkono, macho yanang'aa.

Nilifika sokoni nikaliwa na simba.

Kioo kikawa cheusi, na sauti ile ile ikasema: "Umekufa, mwanangu. Lakini bibi anakupenda. Nunua vito urudi."

Watu walicheka. Nilibonyeza nirudi bila kununua vito hivyo, vinavyolipiwa kwa pesa halisi. Simba akanila tena.

"Mwanangu, mbona bahili? Wenzako wamenunua. Bibi anaona aibu."

Shangazi alishusha mkono kutoka mdomoni. Nilitaka kuacha, lakini sir alinipungia niendelee. Mara ya tatu sauti ililia, kilio kabisa, cha mtu aliyefiwa: "Bei inapanda, mwanangu. Ukinipenda nunua sasa. Mwambie mama akupe kadi yake."

"Sikusema hayo!"

Shangazi alikuwa amesimama. Ukumbi ukageuka.

"Sikusema hayo mimi! Mimi nilisema Mungu akulinde!"

"Mwambie mama akupe kadi," iliendelea sauti yake kutoka kwenye spika.

"Asinunue mtu!" alifoka shangazi. "Wala mtoto asiguse kadi ya mama yake! Kaa chini!"

Wahakiki waliokuwa wamesimama wapige picha wakaketi. Hata sir, aliyekuwa ukingoni mwa jukwaa, alitafuta kiti. Kwa muda kidogo walibaki shangazi na sauti yake tu, mmoja akikataza, mwingine akibembeleza, na mtu aliyefumba macho asingejua yupi ni yupi.

Kisha ukumbi mzima ukapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Tulipelekwa chumba cha pembeni. Sir alikuja ametabasamu, akasema ilikuwa nzuri kuliko chochote walichopanga, akauliza kama madam angependa kurudia kesho kwa wawekezaji. Dennis alitafsiri, ingawa shangazi Kiingereza anakielewa vizuri.

"Mwambie nataka aitoe sauti yangu."

Sir alieleza kwa subira kwamba sauti ile, kisheria, si yake. Ni sauti ya mashine inayofanana na yake.

Shangazi alimkazia macho. "Basi mimi ni nani? Ninayefanana na hiyo mashine?"

Dennis hakutafsiri. Halafu akamgeukia sir, akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba mama huyu kila asubuhi anapokea watoto wa watu mlangoni na kuwarudisha salama, na wazazi wanamwamini kwa sauti hiyo. Na kwamba, kwa kuwa tumefika hapo, yeye pia hataki majambazi wake waimbe. Sir alisema watalitazama jambo hilo, inshallah, kwa namna ambayo hakuna aliyeichukua kuwa ahadi.

Ndani ya teksi shangazi alilia. Aliniambia haimuumi kwamba wamemdanganya. Kinachomuuma ni kwamba kilio kile cha kwenye spika ni chake kweli. Ndivyo alivyolia alipomzika mumewe. "Wamekijuaje, Rahma? Sikuwapa."

Kesho yake asubuhi nilimsindikiza hadi basini. Video ya ukumbini ilikuwa imeshamtangulia. Mtoto mmoja alipanda, akamtazama, akauliza kwa woga kama anauza vito. Shangazi alimfunga mkanda kwanza. Kisha akamwambia, "Bibi wa kwenye simu ni mwongo. Mimi ndiye wa kweli. Umekula?"

Ni wazazi wa basi lile walioanza kelele. Waliandika, wakapiga simu, mmoja wao akiwa yule yule baba anayefanya kazi kwenye kampuni, ambaye mwanawe alikuwa tayari ameomba kadi ya mama yake.

Nikarudi Dar es Salaam. Kabla hata sijafungua begi, Dennis alinitumia ujumbe rasmi kwa niaba ya kampuni: wangependa kunialika tena mwakani, na wanatumaini alama zangu hazitapungua nane. Chini yake alituma mwingine, wa kwake: "Andika ukweli, dada. Mimi nishaacha kazi."

Niliandika ukweli. Niliandika kuhusu simba, mlima wa theluji, kanga ya mlango wa dharura na mwisho ambao haupo. Niliandika kuhusu kilio. Sijawahi kupata wasomaji wengi kama wale, na sijaalikwa popote tangu siku hiyo.

Kampuni kwanza ilitangaza kwamba tukio lilikuwa limepangwa. Kelele zilipozidi, ilitoa sasisho na kumnyamazisha bibi kila inapofika habari ya vito. Sasa hufungua mdomo, mkono ameunyoosha, wala halitoki neno. Yale maneno machache aliyoyasema studio yameachwa yasikike kama yalivyo. Wachezaji wamelalamika kwamba gemu limepoteza uchangamfu.

Zamani nilikuwa naanza uhakiki kwa kuuliza picha zikoje. Siku hizi naanza kwa kuuliza anayesema ni nani, na kama anajua kwamba anasema. Kampuni nyingi hazijibu, na kutojibu kwao nakuandika pia.

Shangazi alinipigia aliposikia uhakiki wangu umetoka.

"Umelipa alama ngapi?"

"Nne, shangazi."

"Kati ya tano?"

"Kati ya kumi."

Alipiga hesabu zake. "Hizo nne za nini?"

"Za pale uliposema mwenyewe."

"Mh," alisema. "Ungetia tano."