Raba za Ulimi Nje

Juzi niliteremka basi stendi ya Nyegezi, nikitokea Tabora, maana mimi na kutulia hatujawahi kupatana, nikaziona. Zilikuwa miguuni mwa binti muuza vocha: raba nyeupe, nene, ulimi umetoka nje hadi ugokoni. Nikaganda katikati ya mizigo ya watu.

"Mama, pita basi! Umeona jini?" mpiga debe akanifokea.

Jini hasa, ndugu yangu. Raba zile nilijua zilishakufa.

Bila shaka unazikumbuka. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni kwa marobota. Kwenye banda la video pale Nyakato tuliwaona marapa wa Marekani wamezivaa, kamba hazijafungwa, tukaamini huko ndiko dunia inakokwenda. Mtaani kwetu ilikuwepo jozi moja tu, aliyoichomoa binamu yangu kwenye robota. Ikawa ya wote: anayepanda jukwaani ndiye anayevaa. Mimi nilisokomeza magazeti mbele ya vidole, zikanienea.

Idi moja zamu ikawa yangu, shindano la kurap kwenye disko toto. Msichana wa mtaa wetu alikuwa hajawahi kupanda. Binamu alinikabidhi raba kwa sharti moja: "Zing'ae. Ukituaibisha, hakuna msichana atakayezigusa tena."

Nikaenda nazo kwa bibi, Igombe, ufukweni mwa ziwa, kwenye maji yasiyopimwa kwa ndoo. Nikazisugua kwa mswaki, nikazivingirisha kwa karatasi ya choo zisikauke na umanjano, kama tulivyofanya sote, nikaziweka juu ya jiwe la moto ambako bibi alianika dagaa wake. Kisha nikaenda kuogelea.

Bibi alikuwa na msemo: ukianika kitu, kaa nacho. Mimi sikukaa, na mvua ya ziwa haibishi hodi. Niliporudi mbio nilimkuta ameshaokoa kila kitu, dagaa na raba ndani ya turubai moja, kavifunga pamoja, anatabasamu.

"Nimekuokolea viatu vyako, mjukuu wangu."

Nikasema asante.

Kesho yake raba ziling'aa kama sahani. Lakini harufu! Sijamaliza hata kushika kipaza sauti, mtu wa mbele akabana pua: "Nani katuletea soko la samaki humu?" Ukumbi mzima ukalipuka. Binamu akajifunika uso kwa kofia. Muziki ulikuwa umeshaanza, na mistari ya Kiingereza niliyoikariri bila kuielewa ikanitoka kichwani yote. Basi nikaimba nilichokuwa nacho: jiwe, mvua, turubai, bibi na dagaa wake. Kwa Kiswahili chetu hiki hiki. Wakacheka tena, safari hii pamoja nami.

Ushindi ulikwenda kwa mvulana wa Butimba. Ila njia nzima ya kurudi watoto waliimba kiitikio changu. Tulipofika mlangoni binamu akasema, "Sikukuu ijayo unapanda tena. Ila kwa bibi hazirudi."

Zilirudi. Fasheni iligeuka, zikaja raba nyembamba, zetu zikaitwa matofali. Tukasikia hata kampuni yenyewe imefilisika huko kwao. Bibi akaziomba, akawa anazivaa akigeuza dagaa wake, ulimi nje, hadi soli zikabanduka.

Sasa bibi hayupo. Juu ya jiwe lake pamepita ukuta wa hoteli.

Nikamsogelea yule binti wa vocha, nikamuuliza kuhusu raba.

"Shikamoo mama. Zimerudi hizi, ndiyo habari ya mjini! Kundi letu la rap lote tunavaa. Jumamosi tunapanda jukwaani."

"Kundi la wasichana?"

"Wasichana watupu. Kwani wavulana wa nini?"

Mkononi nilikuwa na tiketi ya Bukoba, basi la saa ile ile. Mpiga debe alikuwa ameshaanza kuniita tena. Nikamuuliza binti, Jumamosi ni saa ngapi.