Kibanda cha Hamida

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu, na mke wangu asisikie haya. Nilikuwa kijana katika kikundi cha maigizo hapa Bugarama, karibu na mpaka wa Kongo. Kiongozi wetu, Papa Gaspari, alifanya kazi ya saruji. Kabla hatujaandika lolote alitukalisha duara, kila mmoja ataje mahali kumi ambapo hadithi ingeweza kutokea. Yeye mahali alipaita fasi. Ukishataja fasi, ni yako mpaka uiachie mwenyewe. Hiyo ilikuwa sheria.

Mimi, mtoto niliyerudi na wazazi kutoka Bukavu nikijiona wa mjini, nilitaja hoteli za Paris ambazo sijaziona mpaka leo. Hamida, binti wa wakulima wa mpunga, akataja kibanda cha kufukuzia ndege shambani. Akasema mama mmoja anashinda pale akiwapigia ndege kelele, na hakuna ajuaye kwamba katikati ya zile kelele anamwita mwanawe aliyevuka kwenda Kongo asirudi. Alilisema polepole, bila kujikaza. Papa Gaspari akavua kofia.

Wivu ukanishika. Kizuri chajiuza, wahenga walisema. Changu nilikitembeza na mnunuzi hakuna. Igizo moja tu lingechezwa kwenye sherehe ya mavuno, na kila mtu alijua ni la nani. Hamida aliomba wiki mbili. Mimi nikaandika kwa siku tatu: kibanda kile kile, ila yule mama nikamgeuza mzimu, nikatia damu na mayowe, maana vijana walipenda vya kutisha. Jumapili iliyofuata nikawahi kusoma.

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani ataogopa mzimu kwenye sherehe, saa sita mchana, wamama wanaimba na sufuria ya maharage iko motoni? Hamida peke yake hakucheka. Alikunja karatasi zake akaenda nyumbani.

Papa Gaspari aliniita pembeni. "Mutoto, kila fasi iko na sauti yake," akasema. "Weye haukusikiliza ile kibanda. Ulisikiliza Hamida tu, juu ya wivu."

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa chai. Nilipomsihi amalizie igizo lake, akatikisa kichwa.

"Ile mama ni mama yangu," akasema. "Batoto balisikia ile mzimu yako. Sasa akipandaka mule kibandani, batoto banamuita mzimu."

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Chai ile niliiacha nusu.

Haya nakwambia kwa sababu nimekuona ukisoma hadithi ya binti wa shangazi yako kwenye simu, uso umekukunjamana. Usinifiche, uso huo naujua. Wivu hauishi kwa uzee. Mimi bado unanitembelea. Ukija, uache ukae, lakini kalamu usiupe. Tafuta fasi ambayo miguu yako imekanyaga tope lake. Kaa hapo kwanza, usikie kama panataka kicheko, hofu au machozi, ndipo uandike kwa sauti hiyo. Na palipotajwa na mwenzio, pita ukiinamisha kichwa.

Mungu akuonyeshe mahali pako, mwanangu, na siku ukipapata, asikutokee mtu kama mimi.